Bugala, Bunyonyi au Unguja: kisiwa kipi cha likizo kwa mtu anayekimbia?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla takisi za Nateete hazijaanza kuita abiria, huwa nimeshafunga kamba za raba na kutoka nje ya geti. Njia yangu ni ileile kwa miaka minne sasa: natoka Mengo, hapa Kampala, hadi Bulange, nashika barabara ya Kabaka Anjagala inayoteremka na kupanda tena hadi lango la Lubiri, jumba la Kabaka (mfalme wa Buganda), nageuka, kisha nashuka hadi Ziwa la Kabaka, lile lililochimbwa kwa amri ya Kabaka Mwanga miaka ya 1880, na kurudi nyumbani kuwaamsha watoto. Kilomita sita, siku nyingine nane. Jumamosi tunakuwa kikundi: fundi simu wa Bukavu anayefanya kazi Katwe, wauguzi wawili wa Koboko, Mkenya wa kampuni ya bima na Waganda kadhaa. Tukiwa barabarani tunaongea Kiswahili, maana ndicho kila mmoja wetu anaweza kukitamka huku anahema.

Hakuna kati yetu anayelipwa kwa kukimbia. Tunakimbia kwa sababu siku isiyo na mbio inatuwia nzito. Ndiyo maana kila likizo inapokaribia swali huwa lilelile: nataka kwenda kisiwani nipumzike, lakini sitaki kurudi miguu ikiwa imelala au imeumia. Niende wapi, na nibebe viatu gani?

Nimelala kwenye visiwa vitatu ambavyo watu wa Kampala huvifikiria zaidi: Bugala kule Kalangala, vile visiwa vidogo vya Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, na Unguja, Zanzibar. Kote nilikimbia. Nilichojifunza, na ambacho nitakishikilia hadi mwisho wa makala haya, ni kwamba mkimbiaji aulize kwanza ardhi ya kisiwa ikoje, picha azitazame baadaye. Mchanga, changarawe na mlima kila kimoja kinadai mguu wake na kiatu chake, na siku tano za likizo hazitoshi kuufundisha mguu kitu kipya kabisa.

Ninavyopima

Nimetumia mambo sita kwa visiwa vyote vitatu. Safari ya kufika, maana saa nane za kukaa magoti yakiwa yamekunjwa ni mzigo kwa mtu anayetaka kukimbia kesho yake. Ardhi chini ya soli. Hewa, yaani joto, unyevu na mwinuko. Viatu vya kubeba. Maisha ya nje ya mbio: kuogelea, chakula, na ndugu mliosafiri nao wasiokimbia. Mwisho, watu wa pale na usalama wa njiani.

Bei sikuipa nafasi yake kwa sababu hupanda na kushuka kila msimu. Kwa mfuko wangu mpangilio umekuwa huohuo kila mara: Bugala nafuu zaidi, Bunyonyi kati, Unguja ya kuwekea akiba.

Safari ya kufika

Bugala ina milango miwili. Wa kwanza ni meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, Entebbe, mchana na kufika Lutoboka jioni baada ya saa tatu na nusu hivi majini. Wa pili ni barabara hadi Masaka, kisha Bukakata, ambako feri ya bure inakuvusha hadi Luuku. Kutoka hapo unapita kisiwa karibu chote kwa gari kuelekea mji wa Kalangala. Mimi napenda meli. Unaweza kusimama, kutembea kwenye sitaha, kunyoosha mashavu ya miguu. Lakini Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, ni ziwa la kuheshimiwa: siku ya upepo mkali, jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie.

Bunyonyi ni barabara tupu. Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, na basi linaweza kuchukua saa nane au zaidi. Kutoka Kabale unachukua bodaboda au gari hadi gati la Rutinda, halafu mtumbwi hadi kisiwani. Siku ya kwanza usipange mbio zozote. Nilipanga, na mgongo ulinijibu kwa siku mbili.

Unguja unaruka kutoka Entebbe, au unakwenda kwa basi hadi Dar es Salaam na kuvuka kwa boti kwa takriban saa mbili. Safari ya basi ni zaidi ya siku nzima, na kwa likizo ya juma moja siishauri. Chukua pasipoti na ile kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Tunatoka nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo kadi huulizwa. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kusafiri, usingoje wiki ya mwisho.

Ardhi chini ya soli

Hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bugala ni kisiwa cha barabara ya udongo mwekundu wenye changarawe. Kwa mtu aliyezoea lami ya Kampala hii ni zawadi: udongo uliokandamizwa vizuri hauudundi mfupa wa muundi kama lami, na bado ni imara kiasi kwamba hatua yako haibadiliki. Mji wenyewe umekaa juu ya mgongo wa kilima, ziwa ukiliona upande huu na upande ule, na ukishuka Lutoboka unapita msituni chini ya kivuli, tumbili wakikutazama. Mbali kidogo na mji unaingia kwenye mashamba ya michikichi, mistari na mistari, na vijia vya shamba vilivyonyooka ambapo unaweza kukimbia kilomita kumi bila kusimama. Mapungufu ni mawili. Kiangazi, kila lori linalopita linakuachia wingu la vumbi. Mvua ikinyesha, ule udongo unanata kwenye soli hadi kila mguu unakuwa na uzito wa viatu viwili. Na tahadhari ya michikichi: makuti yanayokatwa yana miiba mikali kwenye mashina yake na hurundikwa katikati ya mistari ya miti. Baki kwenye kijia.

Bunyonyi usidanganyike na neno kisiwa. Visiwa ni 29, lakini vingi ni vidogo mno kwa mbio. Bushara, kwa mfano, unakizunguka kwa miguu muda mfupi sana. Unalala kisiwani, unakimbilia bara. Asubuhi unapiga makasia au unavushwa, unashuka ufukweni na unaanza kupanda. Milima ya Wakiga imelimwa kwa matuta hadi kileleni, na vijia vinapita katikati ya viazi, maharage na mtama, vyembamba, vyenye mawe na mizizi, na asubuhi vina umande. Ipo pia barabara ya udongo inayofuata ufuo, inayopinda pamoja na ziwa, na hiyo ndiyo ninayomshauri mgeni siku ya kwanza. Usihesabu kilomita huko, hesabu dakika. Kilomita tano za Bunyonyi zilinichukua muda ninaotumia kwa nane za Mengo, na sikuwa mgonjwa.

Kinachoumiza si kupanda, ni kushuka. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki huku ikirefuka, na maumivu yake huja kesho yake au kesho kutwa, sio siku ileile. Watu wengi hujiona wazima siku ya kwanza, wanaongeza siku ya pili, kisha siku ya tatu wanashuka ngazi kwa kushikilia ukuta.

Unguja ina pwani nyingi na hazifanani. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, mchanga ni mlaini na mweupe, na bahari haiendi mbali. Mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakipwa yanaondoka mamia ya mita na kuacha uwanja mkubwa wa mchanga mgumu, wenye unyevu, ulionyooka. Huo ndio uwanja wa mkimbiaji. Mchanga mkavu na mlaini ni jambo jingine kabisa: kukimbia juu yake hula nguvu takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule, na kano ya kisigino ndiyo inayolipa. Kuna na mteremko: ukikimbia karibu na maji pale ufuo unapoinama, mguu mmoja unakuwa chini kuliko mwingine kwa kilomita zote hizo, na goti la nje linaanza kulalamika. Rudi njia ileile ulikopita ili mteremko ubadilishe mguu, au usubiri maji yapungue ukimbie kwenye tambarare.

Kwa hiyo Unguja saa yako haipangwi na kazi, inapangwa na mwezi. Kupwa kunasogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanatoka mbali sana, lakini kupwa kwa asubuhi huangukia karibu saa nne au saa tano, jua limeshakuwa kali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haitoki sana. Siku nzuri kwa mkimbiaji ni zile za katikati, kupwa kunapoangukia alfajiri. Kabla ya kununua tiketi tazama kalenda ya mwezi kama unavyotazama siku za likizo. Mimi nilijifunza pale Jambiani kwa mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha ngalawa. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akanyoosha kidole baharini: "Ukienda huko nje, angalia nyuma yako. Maji hayarudi kwa mbele tu, yanapita pembeni." Kweli, mabonde madogo ya mchanga hujaa kwanza, na ukichelewa unarudi maji yakiwa magotini.

Upepo nao. Miezi ya kusi, katikati ya mwaka, upepo unatoka kusini. Ukiwa Paje, anza kuelekea Jambiani dhidi ya upepo, urudi ukiwa unasukumwa. Kaskazi ikivuma, geuza.

Hewa, joto na mwinuko

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Bugala haina tofauti ya kuhisi, na upepo wa ziwa unapoza jioni. Unaweza kukimbia mwendo wako wa kawaida tangu siku ya kwanza.

Ziwa Bunyonyi liko karibu mita 1,960, na milima inayolizunguka inapanda zaidi. Pumzi inakata mapema, hasa siku mbili za mwanzo, na asubuhi kuna baridi ya kuvaa mikono mirefu na kofia. Kwa upande wangu hiyo ndiyo hali bora kabisa ya kukimbia: kichwa hakichemki, unasikia ndege (jina lenyewe lina maana ya mahali pa ndege wadogo), ukungu umekaa juu ya maji. Nimewahi kukimbia dakika 70 pale bila kiu.

Unguja uko usawa wa bahari, hewa ni nzito na oksijeni ni nyingi, na mtu wa milimani angetarajia kuruka. Joto linakataa. Jasho halikauki kwa sababu ya unyevu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Punguza mwendo, kimbia kwa kusikiliza pumzi badala ya saa ya mkononi, na maji unayokunywa yawe na chumvi kidogo. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea, na likizo yako huenda ikaisha kabla. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya nafuu. Masika, Machi hadi Mei, mvua ni kubwa. Januari na Februari jua ni kali kweli.

Viatu

Niseme kwanza lililonigharimu. Mwaka wa pili wa kukimbia kwangu nilinunua raba za mitumba kwa shilingi 90,000, safi, soli haijalika hata kidogo, nikazichukua moja kwa moja likizoni. Siku ya tatu mfupa wa muundi uliuma hadi nikashindwa kutembea vizuri. Muuzaji aliniapia kwamba hazijavaliwa, na huenda alisema kweli. Tatizo ni kwamba sponji ya soli huzeeka hata ikiwa kabatini. Tangu hapo kila raba ya mitumba naijaribu kwa kidole gumba: bonyeza ubavu wa soli kwa nguvu. Ikirudi polepole na laini, bado hai. Ikiwa ngumu kama mpira wa tairi, au ikitoa mikunjo ambayo haifutiki, iache hapo. Pinda kiatu pia. Kipinde kwenye vidole, sio katikati ya wayo. Tazama gundi pembeni. Na jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo baada ya kazi, ukiacha upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.

Kiatu kizuri kinamalizika kati ya kilomita 500 na 800, na mtu mzito au mwenye hatua ya kuburuza hukimaliza mapema. Raba yoyote mpya kimbia nayo nyumbani wiki mbili kabla haijaona kisiwa.

Kwa Bugala, kile kiatu chako cha kila siku kinatosha. Huu ni urahisi mkubwa ambao watu hawauhesabu: huna cha kununua. Sponji ya wastani, soli yenye mikato mifupi ya kushika changarawe, na rangi ambayo huoni uchungu ikigeuka nyekundu, maana udongo ule hautoki wote. Msimu wa mvua, soli yenye meno mafupi yaliyoachana itakusaidia kumwaga tope.

Kwa Bunyonyi kiatu cha barabarani hakitoshi ukitaka kupanda vijia. Unahitaji soli yenye meno, na zaidi ya meno, kiatu kinachoshika kisigino na katikati ya mguu ili vidole visigonge mbele unaposhuka. Ukucha mweusi wa mkimbiaji huzaliwa kwenye mteremko. Kata kucha siku mbili kabla, na tumia lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu hulipuuza: pitisha kamba kutengeneza kitanzi kila upande, kisha vuta kamba kupitia kitanzi cha upande wa pili, na kisigino hakitapanda. Zile raba za kisasa zenye sponji nene kupita kiasi ziache Kampala. Juu ya jiwe linaloyumba zinakuinua mbali na ardhi na kifundo cha mguu kinapinduka kirahisi. Ikiwa huna kiatu cha meno, baki kwenye barabara ya ufuoni na likizo yako itakuwa nzuri tu.

Kwa Unguja beba raba zako za zamani, zile ulizokuwa karibu kuzistaafisha lakini sponji bado ina uhai, zenye kitambaa chepesi kinachopitisha maji. Chumvi na mchanga vitakula gundi na kitambaa, kwa hiyo usipeleke kiatu kipya cha mashindano kwenda kufa huko. Kila baada ya mbio zioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kausha kivulini. Jua kali na buti la gari lililofungwa hufanya gundi iachie. Soksi nyembamba zinazobana vizuri ndizo zitakazokuokoa na malengelenge, maana punje moja ya mchanga inatosha.

Watu wataniuliza kuhusu kukimbia peku. Ni raha, na mchanga mgumu wa Paje unakaribisha. Anza na dakika kumi mwishoni mwa mbio zako, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mguu uliokaa ndani ya kiatu miaka 30 una kano fupi. Na usiende peku karibu na miamba: matumbawe ni makali kama chupa iliyovunjika, na kwenye madimbwi kuna wale wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao mwiba wao ukiingia hautoki kwa siku moja.

Baada ya mbio

Mkimbiaji akimaliza anataka maji. Unguja unaingia baharini moja kwa moja. Kaskazini unaogelea saa yoyote, mashariki unasubiri maji yajae. Bunyonyi unaweza kuruka kutoka gatini, maji ni baridi, na linajulikana kuwa ziwa lisilo na kichocho, wala viboko, wala mamba. Bugala, hapana. Nalubaale lina kichocho, na sehemu za kina kifupi zenye majani na konokono ndizo mbaya zaidi. Wapo wanaoogelea, nami siwafuati. Ikiwa kuogelea ndiyo nusu ya likizo yako, jambo hili peke yake linaweza kuamua.

Chakula hakuna kisiwa kitakachokuangusha. Kalangala ni sangara na ngege wabichi, wa kukaanga au kuchoma, pamoja na matoke. Bunyonyi kuna kamba wa maji baridi, viazi, na uji wa mtama uitwao obushera ambao kwangu haujapata mpinzani baada ya kupanda mlima. Unguja ina pweza, wali wa nazi, urojo, na jioni za vyakula pale Forodhani, Mji Mkongwe.

Mume wangu hakimbii. Nikiwa Bugala alichoka siku ya tatu, akaanza kusoma magazeti ya zamani ya hoteli. Bunyonyi alijipatia mtumbwi na kimya, akafurahi kuliko mimi. Unguja alikuwa na Mji Mkongwe, msitu wa Jozani na wale kima punju wekundu, masoko, na watu wa kuzungumza nao. Watoto nao walichagua bahari bila hata kupiga kura.

Watu na njia

Bugala na Bunyonyi mwanamke anayekimbia peke yake ataitwa, atasalimiwa, na watoto watamfuata hadi pumzi ziwaishie. Salamu kwanza: Kiganda kule Bugala, Rukiga kule Bunyonyi, hata neno moja tu linafungua njia. Bugala jihadhari na malori na bodaboda zinazokata kona katikati ya barabara. Kimbia upande unaoyatazama magari yanayokuja. Bunyonyi vijia vinapita kwenye mashamba ya watu, kwa hiyo usikanyage matuta kwa kukwepa tope.

Unguja sehemu kubwa ya wenyeji ni Waislamu, na vijijini na Mji Mkongwe heshima ni kufunika mabega na magoti. Mimi nakimbia na tisheti na suruali ndefu nyepesi hadi nifike ufukweni, na sijawahi kujuta. Mwezi wa Ramadhani usinywe maji mbele ya watu barabarani. Kimbia alfajiri mapema. Na pale mashariki, vile vigingi na kamba unavyoviona maji yakitoka ni mashamba ya mwani. Kina mama wanayategemea. Zunguka, hata kama utapoteza mstari wako mzuri ulionyooka.

Kuna furaha nyingine ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili wa Uganda tunaipata Unguja tu. Hapa Kampala Kiswahili chetu ni cha sokoni, cha kambini, cha safarini, na wengine bado wanakiogopa. Kule kinamwagika kutoka kila dirisha. Nilikuwa nakimbia huku nasikiliza.

Kipi kwa nani

Kama una siku tatu au nne tu, na raba moja ya barabarani, na ratiba ya mazoezi hutaki kuivunja, sema unajiandaa kwa mbio za Kampala za Novemba, nenda Bugala. Ardhi yake inakuruhusu kuendelea na kilomita zako, na safari haikuli.

Kama umechoka na joto na kelele, na miguu yako haina jeraha, na unataka kurudi na mapaja yenye nguvu, chagua Bunyonyi, kwa siku tano au zaidi. Anayetamani siku moja kukimbia Kasese chini ya Rwenzori, au kwenda kuona milima ya Kapchorwa inayowazaa wakimbiaji kina Joshua Cheptegei, hapa ni pa kuanzia. Mwenye goti bovu au aliyetoka kuumia kifundo apaache kwanza.

Kama unasafiri na familia isiyokimbia, au hii ni fungate, au mwaka mzima umekimbia na mwili unaomba kupumzishwa kwa mbio fupi za taratibu, Unguja. Mwenye maumivu ya kano ya kisigino abaki kwenye mchanga mgumu na avae viatu, au angoje mwaka mwingine.

Ukiwa na mtoto mdogo wa kumbeba mgongoni, Bugala kwa meli ndiyo safari nyepesi zaidi. Ukiwa peke yako na unataka kulala salama na kuamka kimya, Bunyonyi. Likizo ikiangukia Aprili, mvua inanyesha kote kutatu. Hapo ningechukua Bugala, kwa sababu ndiko karibu na nyumbani, na ningebeba jozi mbili za raba, moja ikauke wakati nyingine inakimbia.

Na ukiwa umeshakata tiketi ya Unguja kabla ya kusoma haya, toa simu yako sasa hivi utazame mwezi utakuwa na umri gani siku utakayofika.